Mwenye Lahaja Hana Kiti: Mikutano ya Wanaisimu na Hatima ya Lahaja za Wasini

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Wasini kiko mkabala na Shimoni, katika ncha ya kusini ya pwani ya Kenya, kilomita zipatazo 75 kutoka Mombasa. Upande wa magharibi kuna kijiji cha Wasini, makao ya Wavumba. Upande wa mashariki kuna Mkwiro, ambako husemwa lahaja ya kundi la Chichifundi. Hivyo basi, katika kisiwa kimoja kidogo, ambacho mtu hukikata kwa miguu baina ya swala mbili, zimo lahaja mbili za Kiswahili ambazo wanaisimu wamezipa majina mawili na kuziandikia vitabu viwili. Kwa mtaalamu wa lahaja, hazina ya namna hii haipatikani kila mahali.

Lakini hazina hiyo huchimbwa kwa namna gani, na faida yake humfikia nani? Makala haya yanadai kwamba utaratibu unaotawala mikutano na fursa za utafiti wa lahaja za Kiswahili umemfanya msemaji wa lahaja kuwa malighafi. Hunukuliwa bila ya kualikwa, hurekodiwa bila ya kusikilizwa, na matokeo ya kazi hujadiliwa mahali ambapo yeye hawezi kufika, aghalabu kwa lugha asiyoielewa. Utaratibu huu unakosa haki, na hilo wengi wanalikubali kwa mdomo. Jambo lisilokubaliwa, na ambalo ndilo kiini cha hoja hapa, ni kwamba utaratibu huu pia unakosa sayansi.

2.0 Karne ya kuchukua

Wasini na jirani zake hawajasahauliwa na wataalamu, na malalamiko ya kawaida kwamba pwani ya kusini haijaandikwa si ya kweli. A. C. Hollis alichapisha maelezo yake juu ya historia ya Vumba katika jarida la wanaanthropolojia la London mwaka 1900, wakati habari za madiwani wa Vumba zilipokuwa bado hai vinywani mwa wazee. Charles Sacleux alitoa sarufi yake ya lahaja za Kiswahili huko Paris mwaka 1909. H. E. Lambert aliandika kitabu kidogo juu ya Kivumba kilichotoka mwaka 1957, na kingine juu ya Chichifundi mwaka 1958. William McKay alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1975 kwa tasnifu juu ya historia ya pwani hii kabla ya ukoloni. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walizipa lahaja hizi nafasi yake katika kitabu chao kikubwa juu ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, kilichochapishwa Marekani mwaka 1993.

Kazi hizi ni za thamani, na hakuna mtafiti makini anayeweza kuzipuuza. Hata hivyo, zikitazamwa zilikochapishwa, jambo moja linajitokeza waziwazi. London, Paris, Kampala, Boston, California: hapana hata mji mmoja katika orodha hiyo ambao mvuvi wa Wasini angeweza kuufikia kwa nauli yake. Vitabu vya Lambert, ambavyo vilitolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipokuwa Makerere, vilipigwa chapa mamia ya kilomita kutoka baharini, na kwa Kiingereza. Leo havipatikani madukani. Mjukuu wa mzee aliyemfundisha Lambert Kivumba hana budi kwenda katika maktaba ya chuo kikuu, akaombe ruhusa, ili asome maneno ya babu yake.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa utafiti amekuja Wasini kwa zaidi ya miaka mia moja, na mwenyeji angali anangoja kupona. Hali yake imekuwa sawa na ile anayoijua kwa watalii. Kila asubuhi katika msimu, mabasi hutoka hoteli za Diani hadi Shimoni, wageni wakapanda majahazi wakatazama pomboo na matumbawe ya Kisite, wakala kaa na wali wa nazi kisiwani, kisha jua halijatua wakarudi walikotoka. Tofauti ni kwamba mtalii hulipia chakula chake. Mtafiti huondoka na maneno, nyimbo, ngano na vitendawili, akaenda kuvila kwingine.

3.0 Mikutano miwili ya mwaka 1928

Pengine itaulizwa kwa nini mikutano ipewe uzito mkubwa hivi. Je, si mahali pa kusoma makala, kunywa chai na kupigana picha? Historia ya Kiswahili yenyewe inatoa jibu. Mwaka 1928, Mombasa, ulifanyika mkutano wa wawakilishi wa serikali za kikoloni na wamisheni, ambao uliamua kwamba Kiswahili cha kufundishia na kuchapia vitabu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita, chenye hazina ya Muyaka na wenziwe, kilikatwa mguu katika mji wake chenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya kusimamia uamuzi huo, na Waafrika walikuja kupata ujumbe kamili ndani yake baadaye, katika miaka ya 1940. Mkutano wa siku chache ulitosha kuweka mpaka baina ya Kiswahili kiitwacho sanifu na Kiswahili kiitwacho lahaja, na mpaka huo haujaondoka hadi leo. Basi asiseme mtu kwamba mikutano ni porojo.

Mwaka huohuo wa 1928, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, vijana walikutana Batavia, mji uitwao Jakarta siku hizi, wakaapa mnamo tarehe 28 Oktoba kuitambua lugha ya Kiindonesia kuwa lugha ya umoja wao. Lugha hiyo ilikuwa Kimalei, lugha ya biashara na bandari kama Kiswahili. Mikutano hii miwili ilitofautiana katika jambo moja kubwa: kule waliokutana ni watu waliokuwa wakiipigania lugha iwe yao, huku waliokutana ni watawala waliokuwa wakitafuta chombo cha kutawalia na kufundishia. Usanifishaji wa pande zote mbili ulizidunisha lahaja, lakini aliyeketi kitini hakuwa mtu mmoja.

Mfano wa upande ule haukomei hapo. Chama cha wanaisimu wa Asia ya Kusini-Mashariki kilifanya mkutano wake wa kwanza Detroit, Marekani, mwaka 1991, na miaka kumi baadaye wataalamu hao walikuwa wamekwisha kuuhamishia mkutano Bangkok. Kongamano la kimataifa la isimu ya Kimalei na Kiindonesia lilianzia Penang mwaka 1997. Lilipita pia katika vyuo vya Ulaya, lakini mwaka 2005 lilifanyika Maninjau, mji mdogo kando ya ziwa huko Sumatra Magharibi. Mwaka 2007 likafika Manokwari, Papua. Na mwaka 2009 likafanyika Senggigi, katika kisiwa cha Lombok. Wakati huohuo taasisi ya Max Planck ya Leipzig ilikuwa na kituo cha utafiti Jakarta kwenyewe, ambako wasaidizi wenyeji walirekodi na kuandika mazungumzo ya watoto na watu wazima kwa lugha ya nyumbani, si kwa lugha ya vitabu. Hapana anayedai kwamba wenzetu wa Asia wamemaliza matatizo yao. Linalodaiwa ni kwamba mkutano wa kimataifa unaweza kusafiri hadi kwenye kijiji ambacho lugha yake inajadiliwa, na sayansi isianguke.

Kwa upande wa Kiswahili, kongamano lililodumu kwa utaratibu mzuri tangu mwaka 1987 ni lile la Bayreuth, Ujerumani, na jarida la Swahili Forum, ambalo husomwa na yeyote bila ya malipo, limewanufaisha sana wanafunzi wa Afrika Mashariki. Sifa zao wapewe. Lakini ukarimu wa Bayreuth haupaswi kuwa kisingizio cha uvivu wa nyumbani. Vyama vya Kiswahili vya Afrika Mashariki navyo hukutana, tena mara kwa mara, na desturi ni kukutana katika kumbi za vyuo na hoteli za miji mikubwa. Makala juu ya lahaja husomwa humo. Mwenye lahaja hana kiti humo.

4.0 Lahaja iliyofichwa na hesabu

Kuna sababu nyingine inayoifanya hali ya Wasini kuwa ya hatari kuliko inavyodhaniwa. Fursa nyingi za utafiti duniani tangu mwanzo wa karne hii zimeelekezwa kwenye lugha zilizo katika hatari ya kutoweka. Mradi mkubwa ulioanzishwa katika SOAS, London, mwaka 2002, ambao tangu 2021 uko Berlin, umewafadhili watafiti wengi wa lugha ndogo za dunia. Lakini anayeomba fedha hizo kwa ajili ya Kivumba hukutana na kikwazo cha ajabu. Katika orodha za kimataifa, Kivumba na Chichifundi ni lahaja za Kiswahili, na hazina alama ya peke yake. Kiswahili nacho, kwa hesabu inayorudiwa na UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Lugha yenye wasemaji milioni 200 itasemwaje kuwa inakufa?

Hivyo Mvumba anapoteza kotekote. Anapodai hifadhi, huambiwa kwamba lugha yake ni Kiswahili, na Kiswahili ni kizima. Anapoandika jinsi anavyosema nyumbani, mwalimu humtia kalamu nyekundu na kumwambia kwamba hicho si Kiswahili. Mtoto wa Mkwiro hutumia kiambishi chi- mahali ambapo Kiswahili Sanifu kina ki-, kama linavyoshuhudia jina lenyewe la Chichifundi; darasani huo ni ubovu wa lugha, katika mkutano wa wataalamu huo ni ushahidi wa kuvutia. Jambo lilelile humpa mtoto sifuri na mtafiti cheo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inalitaka taifa likuze na kulinda lugha za watu wake. Uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021 umelipa Kiswahili siku yake, tarehe 7 Julai. Hayo ni mambo ya kufurahisha. Lakini sherehe inayohesabu mamilioni huwa haina haja ya kuhesabu mamia, na lugha hufa kwa mamia, si kwa mamilioni. Matumbawe ya Kisite yamewekewa hifadhi ya serikali tangu miaka ya 1970, yakawa na walinzi, mipaka na ada ya kuingilia. Maneno ya mvuvi anayewajua samaki wa matumbawe hayo kwa majina hayana mlinzi.

Hasara hii inawahusu wahakiki wa fasihi si haba kuliko wanaisimu. Orodha ya fasihi ya Kiswahili inayofundishwa vyuoni imejengwa juu ya Pate, Lamu, Mombasa na Unguja. Pemba imeingia kwa jasho la wenyeji wake waliokusanya tungo za akina Kamange na Sarahani hadi zikachapwa. Vumba haimo. Hapana mhakiki awezaye kuthibitisha kwamba watu waliokuwa na utawala, mizimu, misiba, harusi na bahari hawakuwa na fasihi. Linaloweza kuthibitishwa ni kwamba hapana aliyewauliza kama wahakiki wanavyouliza. Mwanaisimu alikwenda kutafuta viambishi, mwanahistoria akatafuta nasaba za madiwani. Wimbo ulipoimbwa, mmoja alichukua vitenzi na mwingine akachukua majina ya watu, na wimbo wenyewe ukabaki bila ya mwenyewe.

5.0 Hoja za wapinzani

Wapo wasemao kwamba Wasini hakuna ukumbi. Hoja hii haihitaji jibu refu. Kisiwa kinachowalisha watalii mchana baada ya mchana hakiwezi kushindwa kuwalisha wataalamu hamsini kwa siku tatu, na Shimoni kuna nyumba za kulala wageni na barabara ya gari. Ikiwa Maninjau iliweza, Shimoni inaweza. Tena gharama ya chumba kimoja cha hoteli ya kifahari ingetosha kuwaleta mkutanoni wazee kadhaa wa Vanga, Funzi na Gazi.

Wapo wasemao kwamba wazee wa kijijini hawajui nadharia, na kwamba mkutano wa wataalamu ukifunguliwa kwa kila mtu utageuka baraza la kahawa. Hapa ndipo ilipo hoja ya sayansi iliyotajwa mwanzoni. Kanuni ya utafiti ni kwamba dai lazima liweze kupingwa. Mtaalamu anaposimama Nairobi au Dar es Salaam akasema kwamba Wavumba hutamka hivi na wala hawatamki vile, ni nani katika ukumbi ule anayeweza kumwambia kwamba amekosea? Wasikilizaji wake wanaweza kupinga nadharia yake, lakini data yake hawana la kufanya nayo ila kuiamini. Kosa la unukuzi huingia katika makala, kutoka katika makala likaingia katika tasnifu, na kutoka katika tasnifu likawa ukweli. Mzee asiyejua neno fonolojia, lakini ajuaye kwamba neno lile halitamkwi hivyo, ndiye mhakiki pekee aliyehitimu kwa jambo hilo. Kumfungia mlango ni kuufungia mlango uthibitisho. Na kuhusu baraza la kahawa, yafaa ikumbukwe kwamba ushairi wa Kiswahili ulihakikiwa barazani kabla haujapata idara ya chuo kikuu.

Wapo pia wasemao, tena kwa nia njema, kwamba kuzipa lahaja jukwaa ni kuutia ufa umoja wa Kiswahili. Lakini Kiswahili Sanifu chenyewe kimetokana na lahaja, na mtoto hapungukiwi kwa kumjua mama yake. Zanzibar, ambako ndiko kiliko chimbuko la Kiunguja, Baraza la Kiswahili lilitoa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Umoja wa lugha haukuvunjika. Badala yake waandishi na wanafunzi walipata chanzo cha istilahi na maneno ambayo vinginevyo yangekopwa kutoka Kiingereza. Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani za Wasini: Wadigo wana kamusi ya lugha yao tangu mwaka 2004. Kivumba na Chichifundi, ambazo zinasemwa hatua chache tu kutoka kwa Wadigo, bado zinangoja, kwa sababu tu ziliandikwa katika daftari la lugha kubwa.

Mwisho, wapo wasemao kwamba mtafiti huwalipa wasemaji na kupata idhini zote zinazotakiwa, basi deni lake limekwisha. Ni kweli kwamba sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni, na masharti ya leseni yanamtaka awasilishe nakala ya ripoti yake kwa Tume huko Nairobi. Ofisi imekumbukwa. Kijiji hakikukumbukwa. Mtafiti aweza kutimiza masharti yote, akasifiwa kwa unyoofu wake, na shule ya msingi ya Wasini isipate hata karatasi moja.

6.0 Yafanyike nini

Kulaumu ni rahisi, na polemiki isiyo na pendekezo ni kelele. Yapo mambo manne ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila ya kungoja wafadhili wala bunge.

Kwanza, katika kila mikutano mitatu ya vyama vya Kiswahili, mmoja ufanyike mahali inaposemwa lahaja, na wa kwanza ufanyike Shimoni na Wasini. Uwe na kikao kimoja angalau ambacho wasemaji ndio wazungumzaji wakuu, na wataalamu ndio wasikilizaji.

Pili, tasnifu yoyote ya uzamili au uzamivu iliyojengwa juu ya lahaja isipitishwe na idara kabla ya mwanafunzi kuonyesha kwamba amerudi kijijini, amesoma matokeo yake mbele ya waliompa data, na ameandika pingamizi zao katika sura ya mwisho. Sharti hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji msimamizi mwenye uthabiti.

Tatu, nakala za rekodi na muhtasari kwa Kiswahili ziwekwe katika shule za Wasini, Mkwiro na Shimoni, na kazi za Lambert zitafsiriwe na kuhaririwa upya kwa ushirikiano na wenyeji. Wasemaji waliofanya kazi kubwa, wakiridhia, watajwe kuwa washiriki wa kazi, si watoa taarifa wasio na majina.

Nne, na hili ndilo la msingi, nafasi za masomo ya juu zitengwe kwa vijana wa pwani ya kusini. Mtafiti wa Kivumba ambaye ni Mvumba hatakuwa mkamilifu kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Ataweza kupotoka kama mwingine yeyote. Lakini atakapopotoka, mama yake atamwambia.

7.0 Hitimisho

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Katika isimu ya lahaja za Kiswahili, wa mbali wamekuwa wakilia kwa muda mrefu, kwa lugha nzuri na kwa tanbihi nyingi, ndani ya nyumba ambayo mfiwa hakukaribishwa. Kivumba hakitaokolewa na makala nyingine juu ya kutoweka kwa Kivumba, wala na kikao kingine kitakachotangaza kwa huzuni kwamba vijana wameacha kukisema. Vijana huacha lugha ambayo hawaioni ikiheshimiwa mahali popote penye kipaza sauti.

Mkutano wa 1928 uliamua mambo ya lahaja bila ya wenye lahaja, na waliouitisha walikuwa wakoloni. Mikutano ya leo huitishwa na Waafrika wenye shahada, ambao wengi wao hufundisha darasani kwamba usanifishaji wa kikoloni ulikuwa dhuluma. Kutoka Shimoni hadi Wasini ni mwendo mfupi wa mashua. Idara itakayoshindwa kuuvuka mkondo huo haina haki ya kuwahubiria wanafunzi wake juu ya dhuluma ya mwaka 1928.